Mto wa Boila

Watu wa mji wetu wakikumbuka uhuru, wanakumbuka bendera na bia. Mimi nakumbuka mguu wa boila. Najua hiyo si kumbukumbu ya kumsimulia mjukuu mbele ya marafiki zake, lakini historia ilipogawiwa mimi nilipewa chuma, na hakuna aliyeniuliza kama nilitaka kitu kingine.

Nilikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha mafuta ya mawese na sabuni, kando ya mto, hapa Kisangani. Mvuke wote wa kiwanda ulitoka kwenye boila moja, refu kuliko nyumba niliyokuwa nimepanga na, nakiri, limejengwa vizuri zaidi. Mtu aliyeliangalia alikuwa mdogo wa mama yangu, mjomba, au tonton kama tusemavyo hapa, mtu wa mtoni upande wa Yanonge. Yeye ndiye aliyenilea baba yangu alipokufa, na ndiye aliyenitafutia kazi palepale. Mahali pake palikuwa mbele ya mlango wa moto, chini kabisa ya bomba kuu la mvuke. Nawaomba mkumbuke mahali hapo. Wakubwa wote waliopita pale, wa kila rangi na kila bendera, walipasahau.

Boila likipata moto hurefuka. Si sana, upana wa kidole gumba tu, lakini chuma kikitaka kurefuka huwezi kukibembeleza. Ndiyo maana lilikaa juu ya miguu miwili. Wa mbele ulifungwa kwa bolti, wa nyuma uliachwa huru ili uteleze. Mguu wa nyuma ukiteleza, boila linajinyoosha kwa amani na kila mtu anaendelea na kazi yake. Ukikwama, boila linasukuma popote linapoweza, na mahali rahisi pa kusukuma ni bomba la mvuke. Bomba likipasuka, mvuke unashuka juu ya kichwa cha tonton. Hakukuwa na siri nyingine katika kazi yetu.

Basi kila asubuhi salamu zetu zilianzia hapo. Nilimkuta ameshawasha moto, nikamuuliza kabla ya kumuuliza kama amelala vizuri, kabla ya habari za tante, mke wake, na watoto:

"Tonton, imenyoosha muguu?"

"Imenyoosha, mutoto yangu."

Ndipo tulipoanza kusalimiana kama watu.

Kati ya mguu ule na kiti chake palikuwa na kipande cha kuteleza. Kwa Kifaransa kinaitwa coussinet, yaani mto mdogo, na sisi kiwandani tulisema kusine. Kile cha kwanza kilitoka Ulaya. Kilikuwa bamba la shaba nyeusi lililotobolewa matundu mengi, na kila tundu limejazwa grafiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli. Chuma kikipita juu yake, grafiti inajipaka yenyewe, na haiungui kwa moto ule. Mhandisi wa Kibelgiji aliita jambo hilo autolubrifiant. Tonton alitutafsiria: ile inayojipaka mafuta yenyewe. Katika mwaka wa uhuru neno hilo lilitufurahisha sana, maana tulianza kuwaona watu wengi wa aina hiyo wakishuka kwenye magari.

Kwa bahati yetu, kusine ile ilikwisha wakati uleule nchi ilipoanza. Grafiti ilikuwa imelika, shaba imepasuka, na mguu ulianza kukwama. Mhandisi alituambia mpya ziko njiani. Yeye mwenyewe pia alikuwa njiani, upande wa pili, pamoja na mbwa na friji. Wiki chache baadaye kiungo cha bomba kilifunguka kidogo, kikatema mvuke, kikamchoma tonton bega. Alijipaka mawese, akafunga kitambaa, akarudi mahali pake chini ya bomba. Nilimwambia aache kazi ile. Akaniuliza nani atakaa pale. Jibu lilikuwa mimi, nikarudi kwenye mashine zangu.

Tukaomba kusine mpya kutoka mji mkuu. Simu zilikuwa zimekufa, kwa hiyo ombi lilipita kwenye phonie, ile redio ya kupigia kelele. Mtu wa phonie alipiga kelele asubuhi nzima katikati ya mikwaruzo: coussinets! Autolubrifiants! Auto! Lubrifiants! Mwisho akavua vile vya masikio na kusema, "Bon, bamesikia. Batatuma na bateau."

Walisikia kweli. Walisikia coussins, na walisikia auto. Baada ya miezi mingi ya kungoja, mashua ilishusha sanduku kubwa, mkurugenzi wetu mpya akaja na tai yake kushuhudia, sanduku likafunguliwa mbele ya wafanyakazi wote, na ndani tukakuta mito miwili mizuri sana ya kiti cha gari, ya ngozi ya bandia, myekundu: coussins za auto. Hakuna aliyecheka. Mkurugenzi aliibonyeza kwa kidole, akaitazama pande zote, akasema nchi inaanza kutujali. Mto mmoja akauweka kwenye kiti chake cha ofisini, wa pili kwenye kiti cha wageni. Boila, lenye uzito wa chuma chote kile pamoja na maji yake, likaendelea kukaa juu ya kipande cha shaba kilichopasuka.

Haki itendeke: mkurugenzi alikuwa na wazo. Siku moja alishuka hadi kwetu akatutazama kwa huruma.

"Tuko natengeneza mafuta muchana kutwa," akasema. "Alors munakosa mafuta ya muguu moja?"

Mtu aliyeketi juu ya kusine laini kuliko yako anastahili kusikilizwa. Tukapaka mawese. Asubuhi ya kwanza mguu uliteleza kwa raha. Siku zilizofuata mafuta yaliungua, yakawa meusi, yakawa mazito, na mwishowe yakawa gundi. Mguu ukashikwa kuliko mwanzo. Tulilala chini kwa matumbo tukikwangua uchafu ule kwa patasi, na tonton akasema maneno aliyoyajua tangu mwanzo: "Mafuta haikale pale. Inakufa tu."

Wazo la pili lilikuwa lake. Mashua za mtoni, alisema, mhimili wa parapela, ile ya kusukuma mashua, huzunguka ndani ya mbao ngumu zenye mafuta yake, na hazipakwi kitu. Tukatafuta mbao hizo kutoka msitu wa upande wa Isangi, jirani na kwao, nzito hivi kwamba zilizama majini. Kwa siku chache chumba cha boila kilinukia vizuri kuliko kanisa. Halafu mbao zikageuka makaa. Zile za mashua, kumbe, zilikuwa zinapozwa na mto mzima, na sisi hatukuwa na mto chini ya boila. Tonton alihuzunika siku ile, maana mbao zilitoka kwao.

Nami nikaleta langu: risasi, ile ya kuyeyusha, laini, ya kuteleza. Risasi haikuungua. Iliminywa tu. Uzito ulipoikalia, ilitoka pembeni kama fufu ya muhogo kati ya vidole, na jioni mguu ulikuwa umeketi chuma juu ya chuma, ukilia. Nakumbuka sauti ile kuliko hotuba zote za miaka ile, na ilikuwa na maana zaidi.

Kwa hiyo tulikuwa tumejifunza. Tulitaka kitu kigumu cha kubeba, ambacho hakiminywi. Na ndani yake kitu laini cha kuteleza, ambacho hakiungui. Kwa maneno mengine, baada ya jasho lote hilo tulikuwa tumegundua kile Mbelgiji alichokuwa ameweka mwanzo. Tulipoishiwa na mawazo, uasi ukafika mjini.

Sitasimulia uasi wote, wako wengine wanaoupenda. Kwetu ulifika kwa sura ya kijana mwenye ngozi ya chui kichwani na majani mkononi, aliyesema yeye ni komanda wa kiwanda. Alitaka sabuni kwa ajili ya jeshi lake. Mkurugenzi alikuwa ameshatoweka na tai, lakini mito aliiacha. Komanda akatukusanya na kutangaza kwamba boila litawaka kila siku, alfajiri hadi usiku, bila siku ya kupumzika, na yeyote atakayelizima mapema ni msaliti, na msaliti tunajua anapelekwa wapi. Tulijua. Hivyo tonton akawa na uhuru wa kuchagua: akizima, watamuua wao, asipozima, bomba litamuua.

Alieleza habari ya mguu kwa adabu zote. Komanda alisikiliza, kisha akamwita daktari wao wa dawa. Wapiganaji wote walikuwa wamechanjwa chale na kurashiwa maji, ili risasi za adui zigeuke maji. Daktari alilizunguka boila, akauliza linaumwa wapi, tonton akamwonyesha mguu wa nyuma. Akauchanja. Kwa ncha ya kisu alikwaruza chale mbili ndogo kwenye chuma, zimeachana upana wa kidole gumba, akapaka majivu, akanyunyiza maji. Boila lilikuwa la moto, na maji yakaruka kwa kelele, na wapiganaji wakapiga makofi.

"Toka leo," akasema, "mutu asiyechanjwa asiiguse."

Hakuna mfanyakazi aliyekuwa amechanjwa. Kwa hiyo kisheria boila halikuwa na mtu wa kuligusa, na likatii amri hiyo kuliko sisi wote: halikusogea hata kidogo.

Ila dawa ilituachia jambo moja. Risasi ziligeuka maji au hazikugeuka, mimi si mtaalamu, lakini maganda yake yalibaki shaba. Kwenye barabara ya kwenda Kapalata yalizagaa kila mahali baada ya mapigano, ya kung'aa, hakuna aliyeyataka. Tonton aliokota moja njiani, akaligonga kwenye meno yake, akanitazama. Nilimwelewa: shaba ya kusine ilikuwa imelala barabarani. Tulianza kuyaokota kama akina mama wanavyookota viwavi msimu wake, tukatupa yote yaliyokuwa bado na kitu ndani.

Tukayapeleka kwa mzee mmoja wa familia za Kiislamu za zamani, fundi wa kuyeyusha shaba. Mzee huyu aliwalaumu Wabelgiji, waasi, serikali na sisi, kwa mpangilio huo, huku akiyeyusha. Alitutolea bamba zuri la manjano. Tukaazima jeki za reli, na usiku, moto ukiwa umekwisha na wapiganaji wamelala, sisi tusiochanjwa tukainua mguu kidogo, tukaliweka. Lilibeba. Halikuminywa, halikuungua. Lakini lilikuwa kavu, mguu ukasonga kwa kushtuka na kulia, na kila ulipolia nilimwona tonton akitazama juu, kwenye bomba. Alidhani simwoni.

Grafiti ingetoka wapi? Penseli za mji mzima zisingejaza matundu mawili. Jibu lilikuwa likiimba muziki ofisini kwa komanda. Wapiganaji walikuwa na redio na tochi, na pile, yaani betri, zilizokwisha walizitupa dirishani. Ndani ya kila pile kuna kijiti cheusi cha kaboni. Ukikisugua kidoleni kinaacha weusi unaoteleza. Tukachoma nta yake kwanza, tukatoboa bamba matundu kwa safu zilizopishana, ili pasiwepo sehemu ya mguu inayopita bila kukutana na weusi, tukapigilia vijiti, tukasawazisha kwa tupa. Tukaliweka tena usiku.

Asubuhi iliyofuata nilifika mapema kuliko kawaida. Tonton alikuwa amelala chini kifudifudi, shavu sakafuni, akiutazama mguu. Kabla ya moto alikuwa amepiga alama kwenye kiti, chini ya chale ya kwanza ya daktari. Moto ulipanda. Mguu ulinguruma mara moja, kisha ukanyamaza, ukaanza kwenda, polepole, bila mshtuko, mpaka chale ya pili ikafika juu ya alama ileile na kukaa. Tonton aliinuka na vumbi usoni, akanikumbatia, akalia waziwazi. Nami nililia. Sijawahi kufurahi vile, wala siku ya bendera.

Komanda alipopata habari alisema dawa imefanya kazi. Tukasema ndiyo.

Sabuni ikatoka, bomba likatulia, na kwa muda tonton akawa mtu anayeimba kazini. Tatizo lake lilikuwa moja tu: hakuwa na wa kumsimulia. Alikuwa ametengeneza kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya, na kilikuwa chini ya boila, mahali ambapo jicho halifiki, na sifa zimekwenda kwa mtu wa majivu. Alimwambia tante mpaka tante akaanza kuondoka jikoni akimwona anafungua mdomo. Watu wa kanisani walimsikiliza mara moja tu, kwa heshima.

Halafu ndege zikaja, na nyuma ya ndege askari wa serikali. Walikuja kutukomboa, na kazi hiyo waliianza kwa kutuvua mashati. Aliyekutwa na chale alikuwa muasi, na sina haja ya kueleza zaidi. Sisi kifuani tulikuwa wasafi. Sajini wao akapita katika chumba cha boila, akainama, akaona mguu wa nyuma.

Akauliza kwa Lingala ya jeshi kama na hii mashine ilikuwa muasi. Wenzake wakacheka. Mimi pia nikacheka, nilidhani ni utani. Sajini alikuwa hacheki. Akapita kidole juu ya zile chale, akauliza, safari hii kwa upole, chini ya mguu kuna nini.

Namna alivyouliza! Kama mtu anayetaka kujua kweli. Katika miaka yote ile hakuna mkubwa aliyewahi kumuuliza tonton swali hilo, si Mbelgiji, si mkurugenzi, si komanda. Nilimwona anavyojiweka sawa, anavyofuta mikono kwenye suruali. Nilimkanyaga mguu. Hakuhisi. Akaanza na mawese na jinsi yanavyokufa. Akaja kwenye mbao za Isangi, akaja kwenye risasi inayotoka kama fufu, akaeleza kwa nini inatakiwa ngumu ya kubeba na laini ya kuteleza, na wale askari walikuwa wanafunzi wasikivu. Kisha akasema, uso wote ukiwaka, kwamba shaba tuliipata kwa kuyeyusha maganda ya risasi za waasi, na weusi ulitoka kwenye pile za redio ya komanda.

"Haina mafuta hata kidogo," akamalizia. "Inajipaka yenyewe."

Sajini akaamuru kitu hicho kitolewe, kiwe ushahidi. Lakini jeki zilikuwa zimerudi kwa watu wa reli, na watu wa reli walikuwa wamekimbilia msituni. Askari walisukuma boila kwa mabega. Mmoja alilipiga kwa kitako cha bunduki, likalia kama kengele, likabaki pale lilipo. Ilikuwa kusine bora kabisa katika jimbo zima, na iliwashinda.

Nikasema mwenye chale ni boila, tonton hana hata moja, mtazameni. Nilisema haraka, nikavuta shati lake juu ili waone tena. Sajini akahamia Kiswahili, nisije nikakosea kusikia.

"Shodiere haitembee," akasema, akinyoosha kidole kwa boila. "Weye unatembea. Twende."

Wakampeleka kambini.

Serikali nayo ilitaka sabuni. Nikakaa mimi mahali pake, chini ya bomba. Kila asubuhi niliwasha moto, nikalala kifudifudi kwenye vumbi, nikaona chale inafika kwenye alama. Kisha nikasimama na kulitukana boila lile, kwa Kiswahili na Lingala na Kifaransa kidogo, kwa sababu lilikuwa linaendelea vizuri. Nilimchukia sajini, na bado namchukia. Sijazeeka kiasi cha kuacha. Tante alikwenda na kwanga na pondu kwenye lango la kambi, wakapokea chakula kila siku, hawakusema kinamfikia nani.

Walimrudisha msimu wa mvua ulipokuwa unakwisha, bila kesi, bila maelezo. Watu wawili walimleta kwa baiskeli, amekaa kwenye karia, wakimshika huku na huku. Alikuwa amepungua nusu. Hakutaka apelekwe nyumbani kwanza. Aliwaambia wampitishe kiwandani. Nilitoka mbio. Alikuwa na swali tayari, kabla ya salamu, kama ilivyokuwa desturi yetu.

"Imenyoosha muguu?"

"Imenyoosha, tonton. Kila siku."

Akacheka kwa furaha kabisa, akafunga macho. Ndipo nilipotazama goti lake la kulia. Walikuwa wamelivunja, na lilipona lenyewe huko ndani, limekunjwa, bila mtu wa kulinyoosha.

Hakurudi kwenye moto, lakini hakuweza kukaa nyumbani pia. Alikuja kila asubuhi kwa fimbo, polepole, akaketi kando ya mguu wa nyuma, mbali na bomba. Nilikwenda ofisini ambako sasa hapakuwa na mkurugenzi yeyote, nikachukua ile mito miwili myekundu ya gari. Mmoja nilimwekea akalie, wa pili nilimwekea chini ya goti. Ilimfaa sana. Kwa mara ya kwanza tangu itoke mji mkuu, ilikuwa imebeba kilichotakiwa kubebwa.

Alikaa hivyo miaka mingi, akinisimulia upya habari ya shaba na kaboni, nami nikimsikiliza mpaka mwisho kila mara. Kila asubuhi aliniuliza habari za mguu wa boila, nami nikamjibu umenyooka. Wa kwake sikuthubutu kumuuliza.